Dirisha Kwenye Klachi

Kama uko kijiweni unasubiri abiria, sogea karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yanaihusu hiyo pikipiki uliyoikalia.

Majuma machache yaliyopita alikuja gereji kwangu, hapa Morogoro, kijana mmoja wa bodaboda. Namfahamu tangu alipokuwa akiendesha kwa mkataba na kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Sasa mkataba umekwisha, pikipiki ni yake, kadi ina jina lake. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akafungua mfuko aliokuja nao. Ndani mlikuwa na kava la klachi, jipya, la alumini, limepakwa rangi nyeusi. Katikati yake palikuwa na duara la plastiki angavu, pana kama kiganja, limebanwa na skrubu ndogo nane kuzunguka ukingo wake. Ndugu yake aliye nje ya nchi ndiye aliyemtumia.

"Fundi, nifungie hili," akasema. "Nataka niione klachi yangu inavyofanya kazi."

Watu huniletea pikipiki kwa sababu imegoma kuwaka, inatoa moshi, inakula oili, gia zinaruka. Ni nadra mtu kuniletea pikipiki nzima, isiyo na ugonjwa wowote, kwa sababu tu anataka kuitazama ndani. Ombi lile lilinifurahisha. Lilinitia na wasiwasi pia, na nilimwambia hivyo palepale. Leo nataka nikueleze yote mawili, furaha na wasiwasi, kwa sababu nimeanza kuulizwa habari za makava haya na vijana wengi.

Kwanza, anachotaka kukiona ni kitu gani?

Ukiwa umekaa kwenye pikipiki yako, kava la klachi liko chini ya goti lako la kulia, jirani na pedeli ya breki ya nyuma. Nyuma ya kava hilo ncha ya krenki ina gia ndogo. Gia hiyo inazungusha gia kubwa iliyoungana na chombo cha mviringo chenye mianya pembeni, ambacho sisi mafundi tunakiita hauzingi. Ndani ya hauzingi zimepangwa pleti: moja ya msuguano, moja ya chuma, moja ya msuguano, moja ya chuma, zimelaliana kama chapati kwenye sahani. Zile za msuguano zina masikio kwa nje, yanaingia kwenye mianya ya hauzingi, kwa hiyo zinazunguka pamoja na krenki. Zile za chuma zina meno kwa ndani, yanashika kitovu kinachopeleka mwendo kwenye gia. Springi zinazibana zote pamoja. Zikibanwa zinakuwa mwili mmoja, na nguvu ya injini inakwenda kwenye gia, kwenye cheni, kwenye tairi la nyuma. Ukivuta mkono wa klachi, springi zinasukumwa na pleti zinaachiana.

Zinaachiana kwa kiasi gani? Nimewauliza swali hili madereva wengi. Wengi wananionyesha upana wa kidole. Kumbe ile pleti ya kubana inasogea milimita moja na ushei, au mbili. Hiyo tu. Maisha ya klachi yako, na pesa zako za kununulia pleti mpya, yamo ndani ya mwendo huo mfupi kuliko unene wa sarafu mbili.

Sasa msikilizaji, tusimamishe pikipiki kwa stendi ya kati, injini inawaka, gia ya kwanza imeingia, umevuta klachi na umekanyaga breki ya nyuma. Ukitazama kupitia lile dirisha utaona hauzingi inazunguka kwa kasi, na katikati yake kitovu kimesimama kimya. Kitu kimoja kinakimbia, kingine kimetulia tuli, na kati yao kuna utando mwembamba wa oili. Achia breki, kisha achia klachi polepole. Kitovu kinaanza kujongea. Kinachelewa, kinaburutwa, kinaikimbiza hauzingi, mwisho vinakwenda sawa kama kwamba havijawahi kuachana.

Ule muda wa kitovu kuchelewa ndio unaokula pleti. Fundi yeyote atakuambia usining'inize klachi, usipande mlima kwa nusu klachi. Ukienda Mgeta, ule mpando wa kuelekea Langali na Nyandira, na nyuma umefunga gunia la kabichi, kisha ukawa unavuta mkono nusu na kuongeza moto badala ya kushusha gia, basi huo muda wa kuchelewa, ambao mjini ni nukta chache tu, unaufanya uwe dakika nzima. Pleti zinasagana kwa dakika nzima. Zinapata joto, zinaungua, zile za chuma zinabadilika rangi na kuwa za buluu, na oili yote inanuka moto. Nimeyasema haya kwa mdomo kwa miaka mingi. Kijana akiyaona kwa macho yake kupitia kidirisha cha kiganja, anayaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Ndiyo maana nilifurahi.

Mtindo wa kuiacha klachi ionekane haukuanza jana. Kampuni ya Ducati ya Italia, yenye kiwanda chake Borgo Panigale katika mji wa Bologna, kwa miaka mingi ilitengeneza pikipiki zenye klachi kavu, yaani klachi isiyoogelea kwenye oili. Klachi ya namna hiyo inapozwa na hewa. Kwa kuwa hapakuwa na oili ya kumwagika, wenye pikipiki hizo waliyatoboa makava, wengine wakayakata nusu, klachi ikawa inazunguka hadharani na kupiga kelele kama sarafu ndani ya kopo. Wapenzi wake waliipenda kelele hiyo. Ilipokuja 1199 Panigale, pikipiki ya mwaka 2012, klachi ikawa ndani ya oili, na kava la kutobolewa halikuwezekana tena. Aliyetaka kuendelea kuiona klachi yake alilazimika kuweka dirisha lililozibwa. Huko Thailand, Vietnam, Indonesia na Ufilipino nako, kwenye pikipiki ndogo kama zetu, vijana wanafunga makava angavu, na wapo wanaoweka na taa ndani ili klachi iwake usiku.

Usidhani kwamba kutoboa injini dirisha ni mchezo wa vijana peke yao. Mwaka 1961 mtafiti F. W. Bowditch wa General Motors, Marekani, alieleza injini aliyoitengeneza ikiwa na pistoni ndefu yenye dirisha la kwatzi juu yake, na kioo cha kujitazamia kimewekwa kwa mshazari chini yake, ili moto ndani ya silinda uonekane na kupigwa picha. Hadi leo watafiti wa injini wanaijua pistoni hiyo kwa jina lake. Na yeyote aliyepita chuo cha ufundi anaikumbuka ile injini iliyokatwa ubavu, imepakwa rangi nyekundu kwenye mikato, unaizungusha kwa mkono na kuona valvu zikipanda na kushuka. Kuona ni nusu ya ufundi wetu.

Sasa nije kwenye wasiwasi wangu.

Watu wengi hudhani kava ni mfuniko tu, kama mfuniko wa sufuria. Mfuniko wa sufuria ukiuondoa, wali bado unaiva. Kava la klachi lina kazi nyingi. Shafti ya kiki inapita ndani yake, na kuna sili ya mpira inayozuia oili isitoke hapo. Kwenye pikipiki nyingi mkono unaosukuma klachi umeshikwa na kava hilohilo. Na kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau: kwenye injini nyingi ndogo, oili inayotoka kwenye pampu hupita ndani ya mwili wa kava, kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa ndani ya alumini, kisha inaingia katikati ya ncha ya krenki kwenda kulainisha beringi ya koneksheni. Mfereji huo ukiziba, au kava jipya likiwa halina mfereji huo, pikipiki itawaka vizuri, italia vizuri, utaondoka gereji ukiwa na furaha. Haitafika mbali. Krenki itakauka, injini itanoki, na utakuwa umenunua dirisha kwa bei ya injini.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya na kava la yule kijana ni kuliweka mezani kando ya kava lake la zamani, yote yamelala kifudifudi. Nikafuata kila tundu kwa kidole. Tundu la oili hapa, na hapa lipo. Tundu la kiki, lipo, sili ipo. Vituo vya pini za kuelekezea, viwili, vipo. Mfereji wa oili nikaupuliza kwa upepo wa kompresa, na hapo kikatoka kipande cha alumini kilichojikunja, chembamba kama unywele, kilichobaki kiwandani walipokuwa wakitoboa. Kitu kipya kutoka dukani, kimefungwa kwenye nailoni safi. Kama tungekifunga hivyohivyo, kile kinywele kingekwenda moja kwa moja kwenye krenki. Msikilizaji wangu, chochote kipya unachokifunga kwenye injini kioshe na ukipulize kwanza, hata kama kinang'aa kiasi gani.

Jambo la pili ni plastiki yenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe unayetaka kujitengenezea.

Mabamba ya plastiki angavu tunayokutana nayo zaidi mitaani ni ya aina mbili. Ya kwanza ni akriliki, ile ya mabango ya maduka, ambayo wengi tunaiita pleksi. Jina hilo limetokana na Plexiglas, chapa ya kampuni ya Otto Röhm wa Ujerumani tangu mwaka 1933. Ya pili ni polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, na karibu wakati uleule na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, bila mmoja kujua kazi ya mwenzake. Hii ya pili unaijua vizuri: ndiyo kioo cha mbele cha helmeti nzuri. Wanaanga wa Apollo walivaa helmeti za plastiki hiyo kwenda mwezini.

Kwa macho zinafanana kabisa. Chukua kipande chembamba kilichobaki, kikunje kwa koleo. Akriliki itavunjika pa! Polikaboneti itakunjika kama bati. Na zinatofautiana kwa joto. Akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi 105 hivi za Selsiasi, polikaboneti inavumilia mpaka karibu 147. Oili ya injini inayopozwa na hewa, jua la saa nane mchana, mzigo nyuma, mlima mbele, inaweza kufika nyuzi 100 na kupita. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kijana anayekata duara la pleksi kutoka kwenye bango kuukuu na kulibandika kwa silikoni kwenye kava alilolitoboa kwa msumeno anaweka mlango wa siagi mbele ya jiko.

Hata polikaboneti nayo ina tabia zake. Ikipata joto inatanuka karibu mara tatu ya alumini. Duara la sentimita 10 likipanda kutoka nyuzi 30 hadi 100 litaongezeka karibu nusu milimita, wakati alumini inayolizunguka haifiki hata milimita 0.2. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini plastiki ikiwa imekabwa na skrubu nane zilizokazwa kwa hasira, haina pa kwenda. Inajikunja, inajikaza, na baada ya muda inapasuka kuanzia kwenye matundu. Kwa hiyo matundu ya plastiki lazima yawe mapana kidogo kuliko skrubu, chini yake kuwe na pete ya mpira ya kuzuia oili, na skrubu zikazwe kwa kiasi tu. Pete ya mpira ndiyo inayozuia oili, nguvu za mkono wako hazina kazi hapo. Na usipake ile gundi ya kuzuia nati zisilegee, maana baadhi ya gundi hizo zinaila polikaboneti.

Adui mkubwa kuliko wote wa plastiki hii ni petroli. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu ndilo lililotupata.

Tukafunga. Sitakusomea kila hatua, fundi mzuri anazijua, lakini yako mambo ninayotaka mwenye pikipiki ayajue ili asimame pale na kutazama. Oili imwagwe kwanza. Inafaa kuitupa hata kama bado nzuri, ni lita moja tu hivi. Bolti za kava hazilingani urefu. Nachukua kipande cha boksi, nachora umbo la kava, na kila bolti ninayoitoa naichomeka kwenye boksi mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi itapasua mwili wa injini, na fupi ikiingia tundu refu itashika nyuzi mbili tu na kung'oka nazo. Gasketi ya zamani inakwanguliwa kwa kitu kisichokwaruza alumini, mbao ngumu inatosha, na tundu la chini linafunikwa kitambaa ili makombo yasiingie. Kisha gasketi mpya. Mpya, msikilizaji. Nimeona makava yaliyozibwa kwa silikoni nyekundu peke yake, imepakwa kama jemu kwenye mkate. Ile inayoonekana nje haina madhara. Iliyominywa kwenda ndani inakatika vipandevipande, inazunguka na oili, mwisho inakaa kwenye kichujio cha pampu na kuiziba.

Bolti zenyewe, zile za spana namba 8, hazihitaji nguvu. Kipimo chake ni nyutoni mita 10 hivi. Kama huna spana ya kipimo, fikiria kilo 10 za sukari zinaning'inia kwenye ncha ya spana ya sentimita 10, basi. Unakaza kwa kuvuka, hii kisha ile ya upande wa pili, mizunguko miwili au mitatu, mpaka zote zishike sawa. Baada ya hapo mkono wa klachi urekebishwe upya, uwe na mchezo wa milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha yake. Na oili iwe ya pikipiki, yenye herufi JASO MA au MA2 kwenye kopo. Alama hizo za Wajapani zilianza kuwekwa mwaka 1998 kwa ajili ya klachi zinazoogelea ndani ya oili kama zetu. Oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano, nzuri kwa injini ya gari, lakini pleti za klachi yako zinaishi kwa msuguano.

Tukawasha. Akachuchumaa. Nami nikachuchumaa, nisikufiche.

Oili mpya ilikuwa ya rangi ya asali. Ilirushwa na hauzingi ikapiga dirisha na kuteremka kama mvua kwenye kioo cha basi, na nyuma yake klachi ikawa inazunguka, inameta. Akavuta mkono, pleti ya kubana ikasogea. Akaachia, ikarudi. Akavuta tena. "Ni kadogo hivi?" akaniuliza. Nikamwambia ni kadogo hivyohivyo. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba wiki iliyopita alipanda Mgeta na mama mmoja na magunia yake mawili ya karoti, na njia nzima alikuwa ameshika klachi nusu. Sikumwambia neno. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Kijiweni kwao wakaja wote kuangalia. Alinisimulia kwamba siku ile hapakuwa na ubishi wa mpira. Kila mmoja alitaka kuvuta mkono. Wapo walioendesha kwa miaka sita, saba, wakidhani klachi ni waya tu.

Siku ya tisa akarudi. Alikuwa ameipeleka pikipiki kuoshwa, na muoshaji, kwa nia njema kabisa, alichovya kitambaa kwenye petroli akasugua injini yote kuondoa mafuta, kama tunavyofanya siku zote na makava ya alumini bila madhara. Kuzunguka kila skrubu ya dirisha kulikuwa kumetokea nyufa ndogondogo nyeupe, kama utando wa buibui. Oili ilikuwa haijavuja bado. Plastiki iliyokazwa na skrubu, ikilambwa na petroli, hupasuka pale ilipobanwa zaidi. Mafuta ya breki yanaifanya hivyohivyo. Polikaboneti inaoshwa kwa maji na sabuni laini, basi.

Nikamwambia ukweli wote, na nakuambia na wewe. Upande ule wa kulia, bomba la moshi linapita chini tu ya kava. Dirisha likiachia ukiwa mwendo wa kilometa 60, oili yote inamwagikia bomba la moto na tairi la nyuma. Moshi utauona. Tairi lililolowa oili hutaliona, utalijua kwenye kona ya kwanza, wewe na abiria wako. Na pikipiki ikianguka kwa upande wa kulia, kitu kinachotangulia kugusa jiwe ni lile kava. Alumini inakwaruzika, ikizidi sana inabonyea au inapata ufa. Dirisha la plastiki lenye nyufa haliwezi kupewa kazi hiyo. Barabara zetu zina mawe, zina matuta yasiyo na alama, na mvua za masika zinazifanya za udongo kuwa sabuni. Bodaboda inaanguka. Tuseme tu kweli.

Akakaa chini, akaliangalia lile kava, akaniambia nimrudishie la zamani. Nikarudisha. Gasketi nyingine mpya, oili nyingine. Gharama hiyo nilimsamehe nusu.

Lile kava lenye nyufa sikulitupa. Nilikuwa na injini kuukuu kwenye kona, iliyokwishanoki, silinda yake imechanika. Nikatoa pistoni ili krenki izunguke bila kukwama, nikasafisha klachi yake, nikaifungia kava lile, nikaweka oili kidogo, na nikaiegesha juu ya meza kwenye vipande vya mbao. Upande wa pili nikafunga mpini kwenye ncha ya krenki. Unazungusha kwa mkono, unavuta waya wa klachi, unaona kila kitu. Haina barabara, haina abiria, haina joto, na petroli haiikaribii. Kila kijana anayekuja kwangu kulalamika kwamba klachi yake imekwisha tena ndani ya miezi mitatu, namweka pale kwanza kabla sijafungua pikipiki yake. Wengine wanakaa nusu saa nzima wakizungusha.

Kwa hiyo, kwenye suala la kufunga kava angavu kwenye pikipiki, msimamo wangu ni huu. Kama pikipiki ni ya matembezi, unaitumia Jumapili, unaiosha mwenyewe, kava lina mwili wa alumini, dirisha ni polikaboneti na lina pete yake ya mpira, na fundi wako amehakikisha njia za oili, basi funga, na weka chuma cha kuikinga ikianguka. Kila unapotoka angalia ukingo wa dirisha. Ukiona hata uzi mmoja mweupe, badilisha siku hiyohiyo. Kama pikipiki ndiyo inayolisha watoto wako na inabeba watoto wa wenzako kwenda shule, usifunge. Kwa bodaboda ya kazi, kava ni la alumini.

Lakini ule uelewa alioupata yule kijana alipochuchumaa pale, sitaki uwe wa wale tu wenye ndugu nje ya nchi. Vyuo vyetu vya ufundi stadi, vya VETA na vya watu binafsi, vinafundisha wanaotaka kuwa mafundi. Maelfu ya vijana wanaoishi juu ya pikipiki kutwa nzima hawatapita kwenye vyuo hivyo, na wao ndio wanaoshika ule mkono wa klachi mara mia kwa siku. Vyama vya bodaboda vina ofisi, vina vijiwe, vina vikao. Kila kikao kingeweza kuwa na injini moja ya namna hii juu ya meza. Haihitaji mfadhili. Inahitaji injini iliyokufa, fundi mwenye siku moja ya nafasi, na kipande cha polikaboneti kutoka kwenye kioo cha helmeti iliyovunjika.

Injini zilizokufa tunazo. Ziko nyuma ya gereji zetu zimelowa mvua, ziko uvunguni, ziko kwa wanunuzi wa chuma chakavu zikisubiri kuyeyushwa. Fundi mwenzangu unayenisikiliza, kabla hujaiuza kwa kilo hiyo iliyoko nyuma ya gereji yako, itoboe dirisha moja, isafishe, uiweke mahali vijana wanapokaa. Na wewe mwenye injini iliyonoki usiyojua pa kuipeleka, ilete hapa kwangu. Nitaikata bure.